Bure inalipwa na nani? Programu za uchumba mikononi mwa watu wa Bagira

Huku Bagira, komini ya mji wa Bukavu nchini Kongo, kijana akimpenda msichana, swali la kwanza nyumbani kwao msichana halihusu sura wala mshahara. Mama anauliza: "Uyo ni mutoto ya nani?" Jibu likipatikana, mengine yanafuata yenyewe. Baba yake alifanya kazi wapi, wanatoka Kabare, Walungu au Shabunda, mama yake anasali shirika gani la kanisa, kaka yake ni yule mwalimu au ni yule mwingine. Jioni moja inatosha kuujua ukoo mzima.

Programu za uchumba zilizomo kwenye simu zinauliza mambo mengi: umri, urefu, kama unavuta sigara, kama una watoto, kama unatafuta ndoa au urafiki tu. Hilo moja la mama haziulizi. Naamini pengo hilo ndilo linaloeleza karibu yote yanayowapata watu wanaozitumia hapa, mazuri na mabaya.

Bagira si mahali pa watu wasiojuana. Ilijengwa miaka ya 1950, zama za Wabelgiji, kuwa makao ya wafanyakazi Waafrika, mbali kidogo na katikati ya mji, kwenye vilima vya kaskazini-magharibi ambako Bukavu inakutana na Kabare. Nyumba zilipangwa kwa safu, ukuta kwa ukuta, na kiwanda cha bia cha Bralima kikawalisha wengi. Watoto wa nyumba hizo walikua pamoja, wakasoma pamoja, wakaimba korali moja. Hata leo komini ikiwa imefurika watu waliokimbia vita vijijini, na nyumba za mbao zikiwa zimepanda miteremko yote, mtu akipita na mgeni saa kumi na moja jioni, kabla ya saa mbili usiku habari imekwisha kufika nyumbani.

Uchumba ulikuwa na njia zake, na bado zipo. Korali, shule, misa, msiba, harusi ya jamaa, foleni ya maji, na kwa waliofika chuo, auditoria za ISP, ISDR na vyuo vikuu vya mji. Njia hizo zote zilikuwa na kitu kimoja: kabla hujamwambia mtu neno, ulikuwa umemwona akiishi. Umemwona akikasirika, akimsaidia mama yake kubeba mzigo, akiwa hana fedha. Kanisa Katoliki nalo likaongeza kinga yake, yaani matangazo ya ndoa yanayosomwa Jumapili mfululizo ili mwenye kujua kizuizi aseme. Watu wengi huyachukulia kama desturi tu. Mimi nayaona kama chombo cha uchunguzi chenye akili nyingi: mji mzima unaombwa kuthibitisha kwamba bwana harusi ndiye anayesema kuwa ndiye, na kwamba hana mke Kamituga.

Kisha simu ikaja. Badoo ilianza mwaka 2006 na ikapata watu wengi katika nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa. Tinder ilifuata 2012 na mtindo wake wa kutelezesha kidole, kulia ukimpenda mtu, kushoto ukimkataa. Zipo nyingine, na kila mwaka inatokea mpya. Lakini anayetaka kusema ukweli kuhusu Bagira lazima aanze na Facebook na WhatsApp, kwa sababu huko ndiko mapenzi mengi ya mtandaoni yanakoanzia. Mtu anaona maoni ya fulani chini ya picha ya harusi, anafungua ukurasa wake, anatuma ombi la urafiki, na baada ya siku chache anaandika "Bjr". Facebook haikutengenezwa kwa ajili ya uchumba, lakini inaonyesha kile ambacho Badoo haionyeshi: marafiki mnaofahamiana, picha za zamani, shangazi anayeandika "Hongera mwanangu". Mtumiaji anaweza kulijibu swali la mama, angalau nusu yake. Ndiyo maana wengi hujaribu programu za uchumba, huchoka, kisha hurudi huko.

Tuanze na neno linalowavuta watu, bure. Kupakua Badoo au Tinder hakuna malipo, na kufungua akaunti ni vivyo hivyo. Ila kampuni hizi si za sadaka. Zinaishi kwa mtu anayechoka kungoja akalipa, basi kungoja lazima kuwepo. Tangu 2015 Tinder imemwekea asiyelipa mpaka wa idadi ya watu anaoweza kuwapenda kwa siku. Wanaokupenda wewe unaonyeshwa kwa picha iliyofunikwa ukungu, na ukitaka kuwaona, ulipe. Aliyelipa anasogezwa mbele ili aonekane zaidi. Bei yenyewe haikuwa moja kwa wote: Tinder ilipoanza kuuza huduma yake ya Plus mwaka huohuo, waliofikisha miaka 30 walitozwa zaidi ya vijana, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya California ikaamua kwamba huo ni ubaguzi.

Kijana wa Bagira mara nyingi hawezi kulipa hata akitaka. Programu hizi zinauza zaidi kupitia kadi ya benki au akaunti ya duka la programu, na kadi ya aina hiyo ilikuwa ya wachache hata kabla ya vita. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu katikati ya Februari 2025, benki zilifunga milango, na mji umekuwa ukiishi kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Kwa hiyo mtumiaji wa hapa kwa kawaida anabaki kwenye ngazi ya chini. Kwa kampuni ana kazi moja, kuongeza wingi wa sura ambazo mtu wa Paris au Montreal aliyelipa atazipitia kwa kidole. Yeye ni sehemu ya bidhaa inayouzwa, wala hakuna anayemwambia hivyo.

Na bure yenyewe analipa kila siku. Analipa mega, yaani data ya intaneti. Programu za picha hula mega kuliko ujumbe wa maandishi, na ukiongeza simu ya video, bando la wiki linaisha kwa jioni mbili. Analipa chaji, kwa sababu umeme wa mto Ruzizi unaofika Bagira ni wa kukatika, na wengi hupeleka simu kwa mwenye paneli za jua au jenereta wakaacha fedha kidogo. Analipa nafasi kwenye simu: Itel au Tecno yenye kumbukumbu ndogo inabidi ifutiwe picha za familia ili programu iingie. Kati ya 2020 na 2022 wenye simu walilipia hata usajili wa simu zenyewe, ile RAM iliyokatwa kutoka kwenye yunite zao, dola 7 kwa mwaka kwa simu ya intaneti ya kasi na dola 1 kwa simu ndogo, mpaka kelele za wananchi zikaifuta. Serikali nayo imewahi kuzima intaneti nchi nzima, Januari 2015 wakati wa maandamano, na tena kuanzia Desemba 31, 2018 baada ya uchaguzi, karibu wiki tatu. Wapenzi waliokuwa wamejuana kwa simu peke yake, bila anwani na bila jamaa wa kuulizia, hawakuwa na njia yoyote ya kutafutana siku hizo.

Hizo gharama za fedha watu huzijua na huzivumilia. Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye ramani.

Programu hupima umbali kwa mstari ulionyooka. Ukiwa Bagira ukiomba kuonyeshwa watu walio karibu, simu inakuletea watu wa komini jirani za Kadutu na Ibanda, kisha inavuka maji na kukuletea watu wa Kamembe, ng'ambo ya mto Ruzizi, ndani ya Rwanda. Kwa simu, msichana wa Kamembe ni jirani kuliko yule wa Kavumu. Haijui kwamba kati yenu kuna daraja lenye askari na karatasi, na juu ya hayo historia ya miaka thelathini inayofanya baba wa hapa na baba wa kule wote wawili wanyamaze kwanza wakisikia jina. Nawajua watu wanaoona hilo kuwa jambo jema, kwamba mashine isiyojua chuki inaweza kukutanisha watoto wa pande mbili. Yapo mapenzi ya namna hiyo na yananipa moyo. Lakini aliyeyaanzisha kwa kidole anaachiwa peke yake kuyabeba, maana programu iliyomwonyesha "kilomita 9" haikumwambia lolote kuhusu kilomita hizo.

Upande wa pili wa ramani, watu wa karibu kweli huisha haraka. Wanaofungua akaunti ndani ya komini si wengi, na baada ya siku kadhaa programu inapanua duara: Goma, Bujumbura, Kigali, Kinshasa. Goma unaifikia kwa meli ya usiku ukiwa na nauli. Kinshasa ni nchi ileile lakini hakuna barabara ya kupitika inayofika huko, na tangu viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vilipofungwa mwaka 2025, anayetaka kwenda inabidi azunguke kupitia nchi jirani. Mpenzi wa Kinshasa kwa mtu wa Bagira ni sauti na picha, na kwa wengi atabaki hivyo.

Sasa, kwa nini walio karibu ni wachache kwenye skrini, ilhali vijana wasio na wachumba wamejaa kila barabara? Wengi wao wapo, wamejificha. Dada anayeimba korali hataki katekista amkute Badoo. Mwalimu hataki mwanafunzi wake wa mwaka wa sita aone picha yake hapo. Kwa macho ya wazazi wengi, mwanamke aliye kwenye programu hizo anajiuza, na mwanamume aliyemo ni mhuni. Kwa hiyo walio karibu huweka picha ya ua, ya mgongo, ya ziwa wakati wa jioni, au ya mwigizaji wa Nigeria. Wanaandika jina la kubuni na umri wa kubuni. Aliye mbali ndiye anayeonyesha uso wake, kwa sababu hakuna wa kumwaibisha kwako.

Hapo ndipo mambo yanapopinduka. Mtu ambaye ungeweza kumchunguza kwa kumuuliza jirani mmoja tu anakuja kwako amefunikwa. Mtu ambaye huwezi kumchunguza hata kidogo, wa Abidjan, wa Dubai, wa Texas, anakuja na sura, jina, kazi na gari. Macho yanaamini kinachoonekana. Programu inakuwa na nguvu pale ambapo uthibitisho hauwezekani, na inadhoofika pale ambapo ungekuwa rahisi. Ni aibu yetu wenyewe, si mashine, iliyoupanga mji hivyo. Na nasema hivi nikiwalaumu zaidi wazazi wanaotukana bila kuuliza kuliko vijana wanaojificha.

Mwanamke na mwanamume hawaishi programu moja, hata wakiwa na simu za aina moja. Mwaka 2016 watafiti walioweka akaunti za majaribio Tinder huko London na New York walikuta kwamba akaunti ya mwanamume ilipopenda watu, waliomrudishia upendo walikuwa wastani wa asilimia 0.6, ya mwanamke ilipata asilimia 10.5. Shirika la Pew la Marekani nalo, katika utafiti wa 2022, lilikuta wanawake zaidi ya nusu wakilemewa na wingi wa ujumbe, na wanaume zaidi ya nusu wakijiona duni kwa kukosa ujumbe. Hiyo ni Marekani na London, lakini mazungumzo ya vijana wa hapa yanakwenda vilevile. Msichana anafungua akaunti asubuhi, jioni ana "Bjr" na "Slt" zisizohesabika, nyingi zikifuatwa na "Uko fasi gani?" na baada ya hapo ombi la picha ambayo hakuna binti anayepaswa kuombwa na mgeni. Akikataa, anatukanwa. Akinyamaza, anatukanwa pia. Wengi hufunga akaunti kabla ya mwezi kuisha, na hivyo idadi ya wanawake inazidi kupungua, na wanaume waliobaki wanazidi kugombania wachache.

Kijana wa kiume yeye anakutana na ukimya. Anatuma ujumbe kumi, ishirini, hakuna jibu. Hana kazi, kama wenzake wengi tangu kiwanda cha bia kilipoporwa Februari 2025 na biashara za mji kusinyaa. Heineken, kampuni mama ya Bralima, ilitangaza Juni mwaka huo kwamba haina tena udhibiti wa shughuli zake Bukavu na Goma. Kijana huyo tayari anajiuliza atapata wapi mali ya kupeleka kwa wakwe. Ukimya wa simu anausikia kama hukumu juu ya maisha yake, kumbe pengine ujumbe wake haujasomwa kabisa kwa sababu aliyelipa amewekwa mbele yake. Hili la wanaume huzungumzwa kidogo, na ningependa lizungumzwe zaidi, maana uchungu wa namna hiyo unageuka hasira, na hasira hiyo inawarudia wanawake.

Kuhusu fedha, inabidi twende polepole, kwa sababu hapa watu wengi huhukumu haraka. Malalamiko ya kawaida ya wanaume ni haya: siku ya pili anaomba mega, siku ya nne anaomba nauli, siku ya kukutana haji. Yapo kweli. Wapo wanaoishi kwa nauli za safari wasizofanya. Lakini kwetu mwanamume anayetongoza hutarajiwa kuonyesha mkono wake tangu mwanzo. Zawadi ndogo ni ushahidi kwamba hachezi. Msichana anayeomba mega ili mazungumzo yaendelee, naye hana fedha ya mega, hajafanya utapeli. Anaomba yule mwenye kutaka mazungumzo agharimie mazungumzo. Nani anajua mpaka uko wapi? Wenyewe wamejipangia kanuni, na naziona za busara: nauli inalipwa akishafika, kwa mkono, na anayesisitiza itumwe kwanza kwa simu anaachwa.

Utapeli mkubwa una sura nyingine. Nchi zinazotumia Kifaransa zinawajua wale vijana wa Abidjan wanaoitwa "brouteurs", waliolifanya penzi la mtandaoni kuwa kazi ya kila siku, na Nigeria ina wa kwao. Januari 2025 televisheni ya Ufaransa ilionyesha mwanamke aliyepoteza euro 830,000 kwa mtu aliyejifanya Brad Pitt. Marekani, Tume ya Biashara (FTC) ilihesabu hasara ya dola bilioni 1.3 kwa utapeli wa mapenzi katika mwaka 2022 peke yake. Kampuni zenyewe si mashahidi safi. Mwaka 2019 tume hiyohiyo iliishtaki Match Group, mwenye Tinder, ikidai kwamba tovuti yake ya Match iliwatangazia watu wasiolipa kuwa kuna anayewapenda, hali tayari ilishuku kwamba akaunti hizo ni za matapeli, ili walipe wakasome ujumbe. Kampuni ilikanusha, sehemu ya madai ikatupwa na mahakama, na yaliyobaki yakaisha Agosti 2025 kwa Match kukubali kulipa dola milioni 14.

Bagira hakuna wa kuibiwa euro 830,000. Tapeli wa hapa anavaa nguo zinazojulikana hapa. Kwa miaka mingi alikuwa agent wa ONG, yaani mfanyakazi wa shirika la misaada: picha mbele ya Land Cruiser nyeupe, kadi shingoni, misheni isiyoisha ya Shabunda. Au alikuwa wa MONUSCO, mpaka ujumbe huo wa Umoja wa Mataifa ulipomaliza kuondoka Kivu Kusini Juni 2024 na hadithi hiyo ikakosa mahali pa kukaa. Siku hizi mara nyingi ni mtu wa Bulaya, yaani Ulaya, au wa Canada, anayetafuta mke wa nyumbani mwenye adabu. Anaahidi karatasi. Baada ya mwezi anahitaji dola hamsini za "dosye". Familia nzima huchanga, kwa sababu karatasi hizo si ndoto ya msichana peke yake. Ni ya wadogo zake, ni ya matibabu ya baba. Tapeli anajua hilo kuliko yeyote. Anayeibiwa hapa ni familia, na ndiyo maana msichana hunyamaza, kwa kuwa hana wa kulalamika kwake ambaye hakuchangia.

Hatari ya mwili ipo pia, na mahali kama Kivu si haki kuitaja kwa haraka. Kukutana na mgeni mara ya kwanza nyumbani kwake, au katika kachumba ka rafiki yake Kadutu jioni umeme ukiwa umekatika, ni jambo ambalo wanawake wengi wamelijutia. Mwaka 2024 watafiti wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, walichunguza programu 15 za uchumba na kukuta kwamba sita, zikiwemo Badoo, Bumble na Hinge, zilimwezesha mtu mwenye ujuzi kujua mahali mtumiaji mwingine alipo kwa usahihi wa kutisha. Kampuni zilirekebisha baada ya kuambiwa. Katika mji uliobadilisha mikono kwa bunduki, mtu asiyekufahamu akiulizia kaka yako anafanya kazi gani na mnalala wapi, si kila mara ni mapenzi. Nawasihi dada zangu wazime huduma ya kuonyesha mahali kwenye simu, wakutane mchana mahali penye watu, na mtu mmoja anayewapenda ajue wamekwenda kwa nani. Likitokea la kutokea, Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999, inapokea waathirika wa ubakaji, na dawa ya kuzuia VVU hufaa ikianza ndani ya saa 72. Hayo yajulikane kabla, si baada.

Picha za uchi zinazotumiwa kama kamba ya shingoni ni ugonjwa unaoenea. Kanuni ya Dijitali ya Kongo, iliyotiwa saini Machi 13, 2023, inaadhibu unyanyasaji wa mtu kwa njia za kielektroniki. Kwenye karatasi msichana ana kinga. Lakini mahakama za dola hazifanyi kazi Bukavu kama zamani tangu 2025, na kitufe cha "ripoti" ndani ya programu kinajibu kwa ujumbe uliotungwa na mashine. Kinachosaidia kweli mara nyingi ni kaka, au mama mmoja mwenye ujasiri wa kumpigia simu mama wa mvulana. Hapo tena swali lilelile: mvulana awe na mama anayejulikana.

Yale yaliyofaulu yanafanana kwa kiasi cha kushangaza. Watu waliojuana mtandaoni na leo wana nyumba na watoto karibu wote walifanya jambo moja mapema: walihama. Kutoka Badoo kwenda WhatsApp, kutoka WhatsApp kwenda simu ya video isiyopangwa, kisha kwa mtu wa tatu. "Unajuana na nani Bagira?" Akitaja jina, jina hilo linatafutwa siku hiyohiyo. Rafiki anatumwa kanisani kwao Jumapili aone kama yupo. Wengine hutuma shangazi, na shangazi huwa mpelelezi kuliko polisi. Programu ilitoa jina moja tu kati ya maelfu. Kazi yote ya kumjua mtu ilifanywa na watu, kwa njia za zamani. Na siku ya kujitambulisha, wakwe wakiuliza mlijuania wapi, wanajibu "kwa rafiki". Sioni huo kuwa uongo mzito. Rafiki kweli alikuwepo, aliingia wiki ya tatu.

Kuna watu ambao kwao hata hayo hayawezekani, na siwezi kuwaruka. Mjane mwenye watoto wanne, mwanamume aliyeachwa, mwenye ulemavu, binti aliyezaa nyumbani, mtu anayempenda mtu wa jinsia yake: kwa hawa njia za korali na shirika zimefungwa nusu au zote. Mtu wa kundi hilo la mwisho anajiweka hatarini zaidi kuliko wote, kwa sababu anayemwandikia anaweza kuwa ametumwa kumnasa. Katika hawa wote, wengine wamepata wenzi kwenye simu baada ya miaka ya kuambiwa na jamaa kwamba wakati wao umepita. Mjane anayeandika waziwazi "nina watoto wanne" na bado akajibiwa amepewa heshima ambayo mtaa wake ulimnyima. Wanaozipinga programu hizi zote kwa pamoja wangemsikiliza yeye kwanza.

Mwisho wa safari ni dote, yaani mahari, na hapo simu inanyamaza. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka dote ikubaliwe kati ya familia mbili, na inataka wachumba waridhie wenyewe. Anayetaka kuwakilishwa na mwingine siku ya ndoa lazima apewe ruhusa na hakimu wa amani kwa sababu nzito. Kwa mtu wa ng'ambo aliyemjua binti wa Bagira kupitia Facebook, hii ina maana kwamba baba zake wadogo wavae koti, wapande hadi kwa kina msichana, wakae kwenye viti, wahesabu ng'ombe au thamani yake mbele ya mashahidi. Tangu benki zifungwe, fedha za dote nazo zinakuja kwa simu, kwa mafungu, kwa sababu akaunti ya M-Pesa ina kikomo. Wazee wa upande wa msichana wamejifunza kungoja lisomwe fungu la mwisho kabla ya kupokea kinywaji. Na kabla ya hapo wameshatuma mtu Kabare, kwenye kijiji ambacho bwana harusi alisema ndicho chao, kuuliza kama kuna mtu anayemkumbuka babu yake.